Mvinyo wa choya: mapovu kukoma si ruhusa ya kujaza chupa

Chupa za mvinyo wa choya (rozela) zinazopasuka stoo au kurusha vizibo usiku, mara nyingi zilijazwa na mtu aliyeutazama mpira unaotoa gesi kutoka ndoo ya mvinyo hadi kwenye chupa ya maji, akaona hautoi mapovu, akaamini hamira imemaliza kazi. Mapovu hayo ni shahidi wa kubabaisha. Mfuniko wa ndoo ukivuja, gesi hupita huko na mpira hukaa kimya. Siku za baridi hamira husinzia na sukari ingali ndani. Jua likiwaka, hata mvinyo uliokwisha kuiva hutoa gesi iliyokuwa imejificha ndani yake.

Haidromita, kile kipimo cha kioo kinachoelea na kuonyesha uzito wa kinywaji ukilinganishwa na maji (maji ni 1.000), ndiyo ya kuaminiwa. Juisi ya choya yenye sukari gramu 200 kwa lita huanzia karibu 1.080. Sukari inavyogeuka kilevi namba hushuka, na kwa kuwa kilevi ni chepesi kuliko maji, mvinyo ulioiva huishia chini ya 1.000, kwa kawaida kati ya 0.990 na 0.998.

Chota mvinyo kwa chombo safi, jaza silinda, tumbukiza kipimo na ukizungushe kwa vidole. Vipovu vinavyokishika hukiinua, ukasoma namba kubwa kuliko ya kweli. Soma macho yakiwa usawa wa mvinyo. Choya ni nyekundu nzito, basi weka tochi nyuma ya silinda. Kipimo kilichotengenezwa kusoma sawasawa kwenye nyuzi 20 kikitumika kwenye joto la nyuzi 30, kama la Dar es Salaam, ongeza 0.002 hivi. Ulichochota usikirudishe ndooni. Pima tena baada ya siku 3, na nyingine 3. Namba isiposogea, nayo iko chini ya 1.000, hamira imemaliza.

Ikisimama kwenye 1.020, hamira imekwama. Choya ina asidi kali, na hamira ya mkate huchoka kilevi kinapopanda, hasa pale sukari ilipotiwa kwa wingi. Hapo bado kuna zaidi ya gramu 50 za sukari kwa lita, wakati gramu 4 tu hutoa gesi ya kama lita 1 kwa kila lita ya mvinyo. Usimwage hamira mpya ndooni moja kwa moja, asidi na kilevi vitaishtua. Ikoroge kwenye maji vuguvugu yenye sukari kidogo, iongezee mvinyo kijiko baada ya kijiko hadi itoe povu, ndipo uimimine. Na salfaiti, dawa ya kuhifadhi mvinyo ambayo wengi huitegemea, haisimamishi hamira iliyo kazini.

Asiye na haidromita ajaze chupa ya plastiki ya soda, aibonyeze kabla ya kufunga, aiache mahali pa joto kwa wiki moja. Ikigeuka ngumu kama mpira wa miguu, mvinyo bado.

Hamira ikishamaliza, acha machicha yatue wiki 3 au 4, kisha hamisha kwa mpira, ncha yake ikiwa chini kabisa ya chombo kipya. Mvinyo unaorushwarushwa hunywa hewa, na ule wekundu hugeuka kahawia. Kwenye chupa, acha sentimita 2 chini ya kizibo.