Mwangwi haukuanza kwa babu mmoja: yale tunayoyakosea kuhusu popo, pomboo na masikio yao

"Popo ni kipofu."

Hili tulimalize haraka: popo wana macho, nayo yanaona. Popo wengi wanaokula matunda hutafuta chakula kwa macho na pua, wala hawana haja ya kujielekeza kwa mwangwi wa milio yao. Kinachonivutia zaidi ni jinsi jibu sahihi lilivyopatikana, kisha likatupwa. Mwaka 1793, mjini Pavia, Italia, mwanasayansi Lazzaro Spallanzani aliona kwamba bundi alikuwa anajigonga kila mshumaa ulipozimika, ilhali popo aliruka gizani bila shida. Akawapofusha popo, wakaendelea kuruka na kukwepa vizuizi. Mwaka uliofuata Charles Jurine wa Geneva akawaziba masikio, nao wakaanza kujigonga. Lakini Georges Cuvier, mwanasayansi wa Ufaransa ambaye neno lake lilikuwa na uzito mkubwa zama zile, akashikilia kuwa popo huipapasa hewa kwa mabawa, naye ndiye aliyeaminiwa.

Ilibidi kungoja hadi 1938, Donald Griffin, mwanafunzi wa Harvard, alipowaweka popo mbele ya chombo cha mwanafizikia George Pierce kilichonasa sauti ambazo sikio la binadamu halizisikii. Yeye na Robert Galambos wakathibitisha kwamba popo hupiga kelele, husikiliza mwangwi unavyorudi, na kwa huo hujua kilicho mbele yao.

Kosa la Cuvier halikufa naye. Ni kosa la kuchukua ushahidi mmoja unaopendeza na kufunga jalada, na katika utafiti wa chimbuko la uwezo huu limerudiwa mara nyingi, tena na watu makini.

"Popo na pomboo wameurithi kwa babu mmoja."

Hapana, na anayetaka kujua sababu aangalie sauti inatoka wapi. Popo wengi hutoa mlio kwenye zoloto, kiungo cha sauti kilicho kooni, kama mimi na wewe tunavyosema. Pomboo na nyangumi wengine wenye meno hupitisha hewa kwenye mikunjo ya nyama iliyo ndani ya njia za pua, chini ya tundu la kupumulia. Mlio huo hukusanywa na uvimbe wa mafuta ulio kwenye paji la uso, ukapelekwa mbele. Mwangwi nao hauingii kwa tundu la sikio; hupokelewa na mafuta yaliyo kwenye taya la chini na kupelekwa hadi sikio la ndani. Hizi ni mashine mbili tofauti, zilizoundwa katika mazingira mawili tofauti: majini sauti husafiri takriban mita 1,500 kwa sekunde, hewani takriban 340. Kwa nasaba, pomboo ni ndugu wa karibu wa kiboko na ng'ombe kuliko alivyo wa popo. Mkumbuke huyo ng'ombe, tutamhitaji.

Nyangumi wasio na meno, wale wanaochuja chakula, hawana uwezo huu. Kwa hiyo hata ndani ya ukoo wa nyangumi ni tawi moja tu lililoupata, na lilianza mapema: fuvu la Cotylocara macei, nyangumi wa kale aliyepatikana South Carolina na kuelezwa mwaka 2014, lina umri wa takriban miaka milioni 28 na tayari linaonyesha alama za kutoa mlio kupitia pua.

"Basi angalau popo wenyewe waliupata mara moja tu."

Hapa ndipo utamu ulipo. Zamani popo waligawanywa kwa urahisi: wakubwa wanaokula matunda upande huu, wadogo wanaosaka kwa mwangwi upande ule. Ukiupanga ukoo hivyo, uwezo ulizuka mara moja kwa wadogo, hadithi ikaisha. Kuanzia mwaka 2000, Emma Teeling na wenzake walipolinganisha DNA, mpango huo ulivunjika. Popo wenye kikunjo cha ngozi puani mfano wa kwato ya farasi, ambao ni mafundi wa mwangwi, walionekana kuwa ndugu wa karibu wa wale wala matunda, si wa wadogo wenzao.

Hapo zikabaki njia mbili. Ama babu wa popo wote alikuwa na uwezo na wala matunda wakaupoteza, ama ulizuka mara mbili au zaidi. Na kuna popo wa matunda wa jenasi ya Rousettus anayesaka njia mapangoni kwa kugonganisha ulimi, si kwa zoloto, kana kwamba ukoo ule ulipoukosa mlango wa mbele uliingilia dirishani.

Watafiti wakageukia viinitete. Mwaka 2017 kundi moja lilionyesha kwamba sikio la ndani la kijusi cha popo mla matunda huanza kukua kama la popo wa mwangwi kabla ya kuachana nalo, ishara ya kitu kilichokuwepo kikapotea. Mwaka 2021 kundi lingine, likifuatilia mifupa ya sikio na koo ya vijusi, likahitimisha kinyume: chimbuko ni zaidi ya moja. Mwaka 2022 likaja jambo jipya: katika moja ya matawi mawili makuu ya popo, ukuta wa mfereji unaobeba seli za neva ndani ya koklea, sehemu ya sikio la ndani inayopokea sauti, umetobolewa au haupo kabisa, wakati tawi la pili limebaki na ukuta wa kawaida wa mamalia. Mimi naona hili linaipa nguvu hoja ya chimbuko zaidi ya moja. Ila tofauti ya leo inaweza pia kuwa imezuka baada ya chimbuko moja, kwa hiyo atakayekuambia suala limefungwa anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

"Visukuku vitaamua."

Mwaka 2008 Nancy Simmons na wenzake walimweleza Onychonycteris finneyi, popo wa Wyoming mwenye umri wa takriban miaka milioni 52. Mabawa yake ni ya mrukaji, lakini koklea yake ni ndogo, tofauti na ya popo wa mwangwi. Hitimisho: kuruka kulitangulia mwangwi. Miaka miwili baadaye watafiti wengine wakaonyesha kwamba kwa popo wanaolia kwa zoloto, mfupa mwembamba unaotoka kooni hugusana na mfupa wa sikio, na kwamba huenda kisukuku hicho nacho kilikuwa hivyo, yaani huenda kilitumia mwangwi. Wa kwanza wakajibu kuwa mnyama amebanwa bapa ndani ya jiwe. Mifupa inayogusana leo huenda haikugusana alipokuwa hai.

"Kuna jeni moja ya mwangwi."

Prestini ni protini inayorefusha na kufupisha seli za koklea ili kukuza sauti. Mwaka 2010 iligunduliwa kwamba ukichora mti wa ukoo kwa kutumia prestini peke yake, pomboo anakaa pamoja na popo wa mwangwi! Mabadiliko yaleyale yalitokea kwao kila mmoja kivyake. Ugunduzi huo umesimama hadi leo. Kilichofuata ndicho kilichoteleza: mwaka 2013 utafiti mkubwa ulidai kuona ufanano wa aina hiyo katika takriban sehemu 200 za jenomu. Mwaka 2015 wengine wakauliza swali ambalo ni rahisi kulisahau: je, tukimweka ng'ombe mahali pa pomboo? Ufanano kati ya popo na ng'ombe haukuwa mdogo kuliko ule wa popo na pomboo. Na ng'ombe, kwa tunavyojua, hasaki nyasi kwa mwangwi.

"Ni popo na pomboo tu."

Majaribio ya miaka ya 1960 yaliwakuta virukanjia kadhaa na tenreki, wanyama wadogo wa Madagaska, wakitumia milio kujielekeza, ingawa kwa umbali mfupi. Binadamu wasioona, Daniel Kish akiwa maarufu zaidi, hugonga ulimi na kutambua nguzo, ukuta au mlango ulio wazi.

Kisha kuna panya wa mitini wa jenasi ya Typhlomys, wa China na Vietnam, mwenye macho dhaifu sana. Mwaka 2021 watafiti waliwaziba masikio panya hao, nao wakapata shida kujielekeza gizani. Walipozibuliwa, uwezo ukarudi. Jeni zao za kusikia zilionyesha ufanano na za wanyama wengine wa mwangwi. Na walipochunguza fuvu walikuta ule mfupa mwembamba wa kooni umeungana na mfupa wa sikio, uleule uliowagombanisha watu juu ya popo wa Wyoming.