Bekoni Kujikunja Kikaangoni: Dhana Potofu na Ukweli

Asubuhi ya wageni wa safari, jikoni kwa hoteli, hakuna mwenye nafasi ya kuuliza kwa nini bekoni, ile nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi na kukatwa tepe nyembamba, imejikunja. Mgeni anataka sahani yake, gari liko nje linanguruma. Ndiyo maana maelezo ya jambo hili hurithishwa tu, mpishi mkubwa akimwambia mdogo, na mdogo akikua anamwambia mwingine. Mimi nilipokea yangu Arusha, nikayatumia kwa miaka kabla ya kugundua kwamba nusu yake si kweli.

Itazame kwanza bekoni yenyewe. Utepe mmoja una vitu viwili vilivyolala sambamba: mnofu na mafuta. Mnofu ukifika nyuzi 50 hivi za sentigredi huanza kujikaza na kutoa maji, na ukipita 60, kolajeni, protini inayoishikilia nyama, nayo hujivuta. Mafuta hayajikazi namna hiyo, yanayeyuka na kwenda zake. Mmoja anavuta, jirani yake hafuati, utepe unapinda. Juu ya hayo, upande uliolala kwenye chuma hupata joto kabla ya ule wa juu, hivyo husinyaa mapema zaidi.

Na si suala la sura tu. Mahali bekoni ilipoinuka haigusi chuma, kwa hiyo panabaki pameupe na laini wakati pale ilipogusa panaungua.

Dhana: Kikaango kiwe cha moto sana, bekoni ikitua ishtuke na kunyooka.

Hili ndilo nililoambiwa siku ya kwanza, na ndilo lenye madhara kuliko yote. Ni ushauri wa steki uliohamishwa ukapewa bekoni. Steki ni nene, unataka kuichoma juu upesi ndani ibaki na maji yake. Bekoni ni nyembamba kama ukurasa wa jalada. Ukiitupa kwenye chuma kilichowaka, upande wa chini unajikaza ndani ya sekunde chache, huku wa juu bado una ubaridi wa friji. Itapinda hata uisimamie na mwiko.

Panga vipande kwenye kikaango kilichopoa, visipandane, ndipo uwashe moto wa chini. Mafuta yatayeyuka taratibu na kusambaa chini ya utepe, yakipeleka joto hata pale chuma hakigusi. Geuza mara kadhaa ili pande zote mbili zisinyae kwa pamoja. Vipande vyembamba huchukua dakika kumi hivi. Havitanyooka kama rula, lakini havitasimama kama mashua pia.

Dhana: Ukitia maji unachemsha bekoni, haitakauka.

Nami nilidharau kutia maji mpaka nilipojaribu. Unatia maji kidogo tu, ya kufunika kitako cha kikaango. Maji yakiwepo, joto la kikaango halipandi sana kupita kiwango cha kuchemka, ambacho hapa Arusha, mita kama 1,400 juu ya bahari, ni nyuzi 95 hivi. Katika joto hilo mafuta yanatoka na mnofu unajikaza polepole. Maji yakikauka, bekoni inabaki ndani ya mafuta yake, joto linapanda hadi nyuzi 140 na zaidi, na hapo ndipo rangi ya kahawia na ukavu wa kuvunjika mdomoni hupatikana. Tahadhari ni moja: maji yanapoelekea kwisha mafuta huruka, kwa hiyo moto usiwe mkali na mkono usiwe karibu.

Dhana: Kuikandamiza kunaitoa utamu.

Huu ni ushauri wa baga. Ukiikandamiza baga, maji yake yanamwagika na inakauka. Bekoni tunataka iyatoe hayo maji na mafuta. Hata usipoigusa itapoteza zaidi ya nusu ya uzito wake. Uzito wa juu unasaidia kweli, mradi uwekwe mapema. Ikishajikunja na kukakamaa, ukiilazimisha inavunjika. Si lazima ununue kile chuma maalumu chenye mpini. Kikaango kingine kizito, kitako kikiwa kisafi, kinatosha. Kiondoe dakika za mwisho ili mvuke utoke. Kubonyeza kwa ncha ya mwiko hapa na pale ni kazi bure, ukiachia tu inainuka.

Dhana: Katakata kingo na haitapinda.

Inategemea bekoni gani. Ile ya Kiingereza hutoka mgongoni: mnofu wa duara uliozungukwa na ukingo wa mafuta, pengine na ngozi. Ukingo huo unapojivuta, hufanya kazi kama kamba ya upinde, na kipande kinakuwa kikombe. Kuukata kila sentimita mbili au tatu ni dawa kabisa. Ile ya Kimarekani hutoka tumboni, yenye mistari ya mafuta na nyama urefu mzima. Pale hakuna kamba moja ya kukata. Utapata makombo tu.

Dhana: Bekoni nzuri haijikunji.

Hapa bekoni ya bata mzinga inatoa ushahidi mzuri, ile wanayopewa wageni katika hoteli za Zanzibar na Ghuba zisizopika nguruwe. Hulala bapa karibu muda wote, kwa sababu kwa kawaida ni nyama iliyokatwakatwa ikaunganishwa upya kwa umbo la utepe: haina mistari ya msuli inayovutana na mafuta. Bekoni ya ng'ombe, kwa kuwa ni nyama nzima ya tumboni, hujikunja sawa na ya nguruwe. Kinacholeta tofauti zaidi ni unene: kipande cha milimita tatu hutulia kuliko cha moja na nusu. Na lile povu jeupe linalotoka bekoni ikikaangwa si uchafu, ni maji na protini; utaliona zaidi kwenye bekoni iliyodungwa maji ya chumvi.

Dhana: Oveni ni ya wavivu.

Basi mimi ni mvivu. Nyuzi 200, trei yenye karatasi ya kuokea, dakika 15 hadi 20. Joto linakuja juu na chini, pande mbili zinasinyaa pamoja, na wageni arobaini wanakula kwa wakati mmoja. Ukitaka iwe bapa kabisa kwa ajili ya sandwichi, funika kwa karatasi nyingine na trei ya pili juu yake.

Ikitoka motoni bado ni laini na inapindika; inakakamaa ikipoa. Ilaze basi kwenye waya au tishu, kipande kimoja kimoja. Ukiirundika kwenye bakuli, itagandia umbo la bakuli.