Lenzi kubwa, hesabu sahihi? Dhana potofu kuhusu uchakataji wa ishara kwa mwanga

Katika kuchakata ishara, kama picha, kwa mwanga, lenzi haikuzi kitu, inapiga hesabu. Slaidi ikiwekwa kwenye fokasi ya mbele na kumulikwa kwa leza, kwenye fokasi ya nyuma, mahali lenzi inapokusanya mwanga, hutokea badiliko la Fourier la picha yake, yaani mwanga uliopangwa upya kwa kufuata wembamba wa maumbo: maumbo mapana huangukia katikati, mistari myembamba huangukia pembeni. Hapo ndipo huwekwa kichujio, kinachopitisha sehemu za mwanga zinazotakiwa na kuzuia nyingine. Mwaka 1964 Anthony Vander Lugt wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, alichapisha namna ya kutengeneza vichujio vya kutambua maumbo kwa njia hiyo.

Dhana: Lenzi ndogo hupunguza mwanga tu, kwa hiyo ongeza nguvu ya leza.

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Kadiri mistari ya slaidi inavyokuwa myembamba, ndivyo inavyopeleka mwanga kwa pembe kubwa zaidi, hadi mwanga huo upite nje ya ukingo wa lenzi. Leza kali huongeza kilichoingia. Kilichokosa lenzi hakirudi.

Tuchukue leza ya heli-neoni ya nanomita 633, lenzi ya kipenyo cha milimita 50 na urefu wa fokasi wa milimita 500, na slaidi ya upana wa milimita 25. Hadi takriban jozi 39 za mistari kwa kila milimita, mwanga wote unaingia. Zikifika kama 118, hakuna kinachoingia. Mimi ninaogopa zaidi eneo lililo kati ya namba hizo mbili, kwa sababu mtambo haukatai kazi: unatoa jibu, ila limepotoka. Mistari iliyo upande mmoja wa slaidi hupita, na mingine iliyo sawa nayo kabisa upande wa pili hukatwa. Mpimaji anaona nuru imefifia, anadhani slaidi yake ndivyo ilivyo.

Dhana: Basi sogeza slaidi hadi iguse lenzi.

Nusu ya kweli. Mwanga haupotei tena, na kamera itasoma ukali wake sawasawa. Lakini fezi, yaani hatua ambayo wimbi la mwanga limefikia katika mpandoshuko wake, hupata mkunjo. Kwa anayetaka ukali peke yake si neno. Kwa kichujio cha Vander Lugt, mkunjo huo lazima uingizwe kwenye hesabu.

Dhana: Kamera ya pikseli nyingi itafidia.

Mwanafizikia Ernst Abbe alishaonyesha mwaka 1873, kule Jena, Ujerumani, kwamba upana wa lenzi unaopitisha mwanga ndio unaoweka mpaka wa undani. Lenzi yetu, hata ikijazwa mwanga wote, hutoa doa la mwanga lenye upana wa mikromita 15 hivi. Pikseli za mikromita 3 zitalipima doa hilo vizuri. Kulipunguza, haziwezi.

Dhana: Lenzi ikiwa kubwa zaidi, usahihi utazidi tu.

Ukizidisha kipenyo mara mbili bila kubadili urefu wa fokasi, kasoro ya umbo la tufe (miale ya ukingoni kutokutana mahali pamoja na ile ya katikati), ikipimwa kwa upotovu wa wimbi kwenye ukingo wa lenzi ya kawaida, huongezeka mara 16. Mafundi husahihisha kwa kuunganisha lenzi kadhaa, na bei hupanda ipasavyo. Halafu kuna kipokezi: kamera ya biti 8 hutenganisha ngazi 256 za mwanga kwa pigo moja, hata lenzi iwe na upana wa meza.