Amphoe: wilaya isiyo na diwani

Ukisoma habari za Thailand utakutana na neno amphoe kila mara: kwenye anwani, kwenye ramani, kwenye vibao vya barabarani. Hutamkwa kwa p, si kwa f; hiyo h ni pumzi tu inayotoka baada ya p. Kwa Kiswahili tunasema "wilaya", na kwa upande wa ngazi tafsiri hiyo haina tatizo. Ukiiacha Bangkok, nchi ina mikoa 76 iitwayo changwat. Mkoa hugawanywa katika amphoe, amphoe katika kata ziitwazo tambon, na kata katika vijiji, yaani muban. Amphoe zote ni 878.

Tafsiri inaanza kupotosha tukifika kwenye madaraka. Mtanzania akisikia wilaya, anafikiria pia halmashauri na madiwani wake. Amphoe haina baraza la kuchaguliwa. Hata kisheria haina nafsi yake, tofauti na mkoa. Ni mkono wa Wizara ya Mambo ya Ndani uliofika karibu na mwananchi, basi. Mkuu wake, nai amphoe, ni mtumishi aliyepanda vyeo ndani ya serikali, na huhamishwa kama mtumishi mwingine yeyote. Kura zinapigwa juu yake na chini yake: mkoani lipo baraza la kuchaguliwa, na katani na mijini yapo mengine. Ngazi ya katikati imerukwa.

Mpangilio huu ni wa zama za Mfalme Chulalongkorn, aliyetaka miji ya mbali itoke mikononi mwa koo za watawala wa kienyeji. Kazi aliachiwa ndugu yake, Mwanamfalme Damrong, aliyeshika Wizara ya Mambo ya Ndani mwaka 1892. Sheria ya 1914 ya utawala wa maeneo inatumika mpaka leo, ingawa imetiwa viraka vingi. Ndiyo inayomweka phu yai ban, mkuu wa kijiji, na kamnan, mkuu wa kata. Mkuu wa kijiji huchaguliwa na wanakijiji, na kamnan huchaguliwa na wakuu wa vijiji miongoni mwao, lakini wote huvaa sare ya kaki na kupokea maagizo kutoka kwa nai amphoe. Wana mabwana wawili, kwa ufupi.

Tuchukue Umphang, mkoani Tak, mpakani na Myanmar. Ndiyo amphoe kubwa kuliko zote nchini: kilomita za mraba zipatazo 4,300, karibu mara nane ya mkoa mzima wa Phuket, lakini ina kata sita tu. Sehemu kubwa ni milima na misitu ya hifadhi, na humo ndimo yalimo maporomoko ya maji ya Thi Lo Su. Jina lake husemekana limetokana na neno la Wakaren, kabila la huko mpakani, la bomba la mianzi ambalo wasafiri wa mpakani walitilia hati zao, zisilowe wala kuchanika kabla ya kupigwa mhuri.

Kutoka mji wa Mae Sot hadi Umphang ni kilomita 164 zenye kona 1,219, na wenyeji huuza fulana zenye idadi hiyo. Ujenzi wa barabara hiyo ulishambuliwa na wapiganaji wa kikomunisti, ikabatizwa barabara ya mauti.

Katika wilaya kama hii ofisi ya amphoe si jengo la kupita tu. Ndipo vitambulisho vinapotolewa na daftari la kaya linapotunzwa. Wakaren wengi wa milimani wameishi miaka mingi bila uraia, na maombi yao ya kuupata huanzia kwenye meza hizo. Hata kambi ya wakimbizi ya Nu Po, iliyo ndani ya wilaya hiyo, husimamiwa na ofisa wa wizara ileile. Mvua zikishika, njia za udongo za vijiji vya ndani hazipitiki kwa gari, na mwenye shida ya mhuri hutembea kwa miguu au hungoja kiangazi.