Baiti nne za Pokémon adimu

Gemu za Pokémon Gold na Silver, ambamo mchezaji hukamata viumbe wa kubuni waitwao Pokémon, zilipotoka Japani mwaka 1999, wachezaji walimkuta Gyarados, mmoja wa viumbe hao, akiwa mwekundu kwenye ziwa la Lake of Rage, ilhali Gyarados wa kawaida ni wa buluu. Pokémon wa aina yoyote anaweza kutokea, kwa nadra, akiwa na rangi isiyo yake ya kawaida. Tangu hapo rangi hizi adimu zimeelezwa kwa namna nyingi, na baadhi ya maelezo hayo si kweli.

Dhana: kila Pokémon adimu alichorwa upya.

Mchoro ni uleule. Kinachobadilika ni paleti, yaani orodha fupi ya rangi zinazopakwa juu yake. Mchoro mkubwa kabisa wa Pokémon katika gemu hizo una pikseli 56 kwa 56, na kabla ya kubanwa ni baiti 784 (baiti ni kipimo kidogo cha kumbukumbu ya kompyuta). Rangi zake adimu ni baiti 4. Kusanya rangi adimu za aina zote 251 za Pokémon, unapata baiti 1,004, kilobaiti moja haijai! Kwangu huu ndio ufundi mzuri kuliko wote katika gemu hizo.

Dhana: Game Boy Color, kifaa cha mkononi cha kuchezea gemu hizo, kilikuwa na rangi 32,768, kwa hiyo wachoraji walijichagulia tu.

Kila Pokémon alipata rangi 4, na mbili zilishatengwa: nyeupe na nyeusi. Zilizobaki mbili zilibeba ngozi, mabawa, mkia, kila kitu. Ukibadilisha rangi ya tumbo, popote ilipotumika rangi hiyo panageuka pia. Kifaa kilichofuata, Game Boy Advance, kilipoleta rangi 15 kwa kila Pokémon, ndipo ikawezekana kugeuza kiungo kimoja na kuacha vingine.

Dhana: Pokémon adimu ndiye mwenye nguvu kuliko wote.

Hapana, na sababu yake inavutia. Gemu hizi zilibadilishana Pokémon na zile zilizoanza mwaka 1996, ambazo hazikuwa na nafasi ya kuhifadhi alama ya rangi. Basi alama ikafichwa ndani ya namba za uwezo, zinazoanzia 0 hadi 15. Ulinzi, kasi na nguvu maalumu sharti ziwe 10 kila moja, na shambulio liwe mojawapo ya namba 8 zilizopangwa. Bahati hiyo ni 1 kati ya 8,192. Lakini 10 si 15, kwa hiyo Pokémon adimu hawezi kufikia kilele.

Namba ya shambulio ndiyo iliyoamua jinsia pia. Kwa mfano, Pokémon aitwaye Chikorita, akiwa jike, lazima awe na 0 au 1, na hakuna hata moja kati ya hizo kwenye zile 8. Ndiyo maana katika Gold na Silver, Chikorita jike mwenye rangi adimu hawezi kuzaliwa kabisa.