Jinja: Maporomoko ya Ripon hayapo tena

Wengi hufika Jinja, Uganda, wakitarajia kuona maporomoko ya Ripon, pale Nile inapotoka Ziwa Victoria. Hayapo. Mvumbuzi Mwingereza John Hanning Speke aliyaona mwaka 1862, lakini yalizama bwawa la Owen Falls, sasa Nalubaale, lilipokamilika mwaka 1954. Leo ukiwa kwenye mtumbwi unaona maji yakizunguka na kububujika tu, na ndege wametua juu ya mawe machache. Jina lenyewe la mji linatokana na neno la wenyeji lenye maana ya jiwe.

Maporomoko yalipotea, umeme ukapatikana: viwanda vya nguo vikanguruma, shaba kutoka machimbo ya Kilembe, magharibi mwa Uganda, ikayeyushwa hapo. Kufukuzwa kwa Waasia, waliomiliki biashara nyingi, mwaka 1972 kuliuumiza mji huu vibaya sana.