Johnson hakushindwa New Hampshire

Mara nyingi utasikia kwamba Rais Lyndon Johnson wa Marekani alibwagwa na Seneta Eugene McCarthy katika kura za mchujo za chama cha Democratic jimboni New Hampshire, tarehe 12 Machi 1968, ndiyo maana akaacha kugombea tena. Sivyo ilivyokuwa. Johnson aliongoza kwa takribani asilimia 49, McCarthy akapata 42.

Tena jina la Johnson halikuwemo kabisa kwenye karatasi ya kura, kwa kuwa hakujiandikisha kugombea huko. Kila aliyemtaka alilazimika kushika kalamu na kuliandika jina lake kwa mkono. Zaidi ya watu 27,000 walifanya hivyo, na inasikitisha kwamba juhudi yao husahaulika.

Basi dhana hii ilitoka wapi? Rais aliyeko madarakani hutarajiwa kushinda kwa kishindo, na McCarthy, mpinzani wa vita vya Vietnam, alionekana msindikizaji tu, hivyo asilimia 42 zake zikachukuliwa kama ushindi. Isitoshe, wajumbe wa mkutano mkuu, ambao huteua mgombea urais wa chama, walipigiwa kura kivyao: upande wa Johnson ulisimamisha wagombea wengi mno, wakagawana kura, naye McCarthy akazoa wajumbe 20 kati ya 24.

Siku nne baadaye Seneta Robert Kennedy, naye wa Democratic, akaingia kwenye kinyang'anyiro. Tarehe 31 Machi Johnson akatangaza kwamba hatagombea, siku mbili kabla ya mchujo wa Wisconsin. Huko ndiko McCarthy alikompita kwa kura.

Rais aliyeshindwa kweli New Hampshire ni Harry Truman, mwaka 1952, mbele ya Seneta Estes Kefauver.